Maziwa Huanzia Kichwani: Mwongozo Kamili kwa Mama Anayenyonyesha na Wanaomsaidia

Siku ya tatu baada ya kujifungua, binti mmoja wa miaka 22 alikuwa ameketi kitandani katika wodi ya wazazi. Mtoto analia. Mama mkwe amesimama miguuni pa kitanda, chupa ya maziwa ya kopo mkononi. "Nesi, huyu hana maziwa," akaniambia. Binti hakujibu neno. Mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na kila mtoto alipogusa titi alikunja uso.

Nilimwamkia mama mkwe, nikamwomba anitafutie maji ya uvuguvugu na kanga safi. Alipotoka nikamwambia binti, "Mwanangu, inamia hiki kimeza, lala juu ya mikono yako." Nikamkanda mgongo pande zote mbili za uti kwa dakika tatu hivi. Kisha tukamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, bila kumlazimisha kunyonya, tukawa tunazungumza habari za kwao. Muda si mrefu akashtuka: "Nesi, nimeloa." Kwenye kanga palikuwa na doa linalotanuka, upande ule ambao mtoto hakuwapo.

Maziwa yalikuwemo tangu asubuhi. Yalikuwa yanangoja amri, na amri ya kushusha maziwa hutolewa na ubongo.

Kwa miaka ya ukunga wangu, karibu kila anayekuja na kilio cha "sina maziwa" huulizia chakula: mtori, supu ya samaki, uji wa pilipili manga. Sivikatai. Mama mzazi anatakiwa ale ashibe na anywe kila anapoona kiu. Ila supu peke yake haiamuru titi. Titi hutii homoni, homoni hutii ubongo, na ubongo humsikiliza mtoto. Mazungumzo hayo yakikatika mahali, maziwa hupungua hata kama mama anakula kuku kila siku. Mwongozo huu ni wa kuonyesha yanakatikia wapi na yanaungwaje.

Hatua ya 1: Zijue homoni mbili, kila moja na kazi yake

Chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya pale pua inapoanzia, inaning'inia tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Juu yake ipo sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, nayo ndiyo msimamizi wake. Habari za mwili huingia ubongoni kwa njia ya neva, na ubongo hujibu kwa kumwaga homoni kwenye damu. Mambo ya hedhi, ya ukuaji, ya joto la mwili, ya kuhimili misukosuko, mengi hupitia kwenye tezi hiyo moja. Kwa anayenyonyesha, homoni mbili ndizo za kushika.

Prolaktini hutengeneza maziwa. Hutoka sehemu ya mbele ya pituitari, na ina tabia yake ya pekee. Homoni nyingine za sehemu hiyo hungoja haipothalamasi iziamuru kutoka. Prolaktini ingejitokea yenyewe mchana na usiku kama isingezuiwa. Kinachoizuia ni dopamini, inayodondoka kutoka haipothalamasi bila kukoma, kama dereva aliyekanyaga breki mteremkoni. Mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka habari kwa njia ya uti wa mgongo hadi ubongoni, dopamini hupungua, breki huachiwa, na prolaktini hupanda. Kilele chake hufika kati ya nusu saa na dakika 45 tangu mtoto aanze. Kwa hiyo mtoto anayenyonya sasa anaagiza mlo wake unaofuata. Jambo hili nalirudia kwa kila mama, kwa sababu ukilielewa hutasema tena "ngoja titi lijae kwanza ndipo nimpe."

Oksitosini hushusha maziwa. Hii hutengenezwa na haipothalamasi yenyewe, husafiri ndani ya neva ndefu hadi sehemu ya nyuma ya pituitari, na huwekwa akiba huko. Hutoka kwa mafungu mafungu, na kwenye damu haikai zaidi ya dakika chache. Ikifika kwenye titi hubana seli zinazozunguka vifuko vya maziwa, na maziwa husukumwa kwenye mirija kuelekea chuchu. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kwamba dondoo la pituitari hubana mfuko wa uzazi. Miaka ya 1950 Vincent du Vigneaud akaiunda oksitosini maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapozaliwa, ili asivuje damu nyingi, mara nyingi ni homoni hiyo hiyo. Ndiyo maana siku za mwanzo unaponyonyesha tumbo hukata, na wengi husema "chango limeamka." Mfuko wa uzazi unajikunja kurudi mahali pake, na ni dalili kwamba maziwa nayo yanashuka.

Tofauti kubwa ya hizi mbili ni hii: prolaktini huamshwa zaidi na kunyonywa, lakini oksitosini inasikiliza kila kitu. Kilio cha mtoto, harufu ya kichwa chake, hata kumkumbuka tu ukiwa sokoni kunaweza kuitoa, ukaona blauzi imeloa mbele za watu. Vivyo hivyo maumivu, hofu, aibu na maneno makali huweza kuizuia. Huzuia kwa muda tu, wala hayaui maziwa, ila mama asiyejua hilo hudhani yamekauka, akaacha kumweka mtoto. Hapo ndipo yanapokauka kweli.

Utajua oksitosini imefika kwa mambo haya: titi kuchomachoma kama sindano ndogo, titi la pili kudondosha, kiu ya ghafla, na zaidi ya yote, mtoto kubadili mwendo. Huanza kwa kufyonza harakaharaka. Maziwa yakishuka hupunguza kasi, taya linashuka sana, unasikia anameza. Wapo wasiosikia lolote titini na maziwa yanashuka vizuri. Mwangalie mtoto.

Hatua ya 2: Itumie saa ya kwanza

Wakati wa mimba prolaktini huwa juu sana, lakini projesteroni, homoni ya mimba itokayo kwenye kondo la nyuma, hulizuia titi lisianze kazi yake yote. Kondo likitoka, projesteroni huporomoka, na kizuizi kimeondoka. Maziwa mengi huingia siku ya pili hadi ya tatu au ya nne. Kabla ya hapo ipo dang'a, ya manjano na nzito. Ni kidogo kwa sababu tumbo la kichanga ni dogo, na imejaa kinga. Bado nakutana na bibi wanaosema ni maziwa machafu yakamuliwe yamwagwe. Bibi zangu, tafadhali, msiyamwage.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto awekwe titini ndani ya saa moja tangu kuzaliwa. Mfuteni, mlazeni kifuani pa mama bila nguo katikati, wafunikeni wote wawili kwa kanga. Maji ya glukosi na asali havihitajiki. Mama aliyefanyiwa upasuaji naye anaweza, akipata mtu wa kumshikia mtoto; mlazeni kwa ubavu mtoto asikandamize mshono.

Kwa mwenye uzazi wa kwanza, mwenye kisukari, au aliyefanyiwa upasuaji, maziwa mengi yanaweza kuchelewa siku moja au zaidi. Endelea kumweka mtoto, na mtoto apimwe uzito. Lakini maziwa yakigoma na huku damu inatoka nyingi au ina harufu, rudi hospitali haraka: kipande cha kondo kilichobaki ndani huendelea kutoa projesteroni, na titi huendelea kuamini kwamba mimba ipo.

Hatua ya 3: Mshikishe titi sawasawa

Habari inayofika ubongoni ni nzuri kadiri mdomo wa mtoto ulivyoshika vizuri. Akishika ncha ya chuchu tu, mama anaumia, maumivu yanazuia oksitosini, mtoto hashibi, na chuchu inachanika. Mengi ya "maziwa hayatoki" niliyoyaona yalikwisha hapa.

Keti ukiegemea, miguu imekanyaga chini au kigoda. Mgeuze mtoto mwili mzima akutazame, tumbo lake kwa tumbo lako, kichwa na mgongo kwenye mstari mmoja, pua yake mkabala na chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja apanue kama anapiga miayo, kisha umlete yeye kwenye titi, usiinamie wewe. Tazama manne: kidevu kimegusa titi, mdomo umepanuka sana, mdomo wa chini umegeukia nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Ukiumia baada ya mnyonyo wa kwanza wa pili, ingiza kidole kisafi pembeni ya mdomo wake, mtoe, uanze upya. Usivumilie. Kuvumilia ndiko kunakoleta vidonda.

Hatua ya 4: Mpe mara nyingi, na usiku usimpitishe

Mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, ndiyo kawaida ya kichanga. Usiku una uzito wake: prolaktini huwa juu zaidi mama anapolala, kwa hiyo manyonyo ya usiku wa manane yanalipa. Mama anayempa mtoto chupa usiku "ili apumzike" hupoteza saa zake bora.

Lipo na jambo la pili, nalo halimo kichwani. Titi lina masikio yake lenyewe. Maziwa yakituama, titi hupunguza kutengeneza. Likitolewa maziwa, huongeza kasi. Ndiyo maana mama anayenyonyesha titi moja tu hubaki na maziwa upande huo na mwingine ukakauka, ingawa damu yenye homoni inayofika pande zote mbili ni ile ile. Mwache mtoto amalize titi moja, aliachie mwenyewe, kisha mpe la pili. Safari ijayo anza na lile la pili.

Kila chupa unayompa katika wiki hizi za mwanzo bila sababu ya kitabibu ni agizo ambalo ubongo haukulipata.

Hatua ya 5: Saidia maziwa kushuka

Hapa nawaomba akina baba, mama wakwe na mawifi wasome kwa makini, maana kazi kubwa ni yao.

Mkando wa mgongo niliomfanyia yule binti hauhitaji dawa wala fedha. Mama aketi, ainamie meza, akunje mikono juu yake na kulaza kichwa, matiti yaning'inie huru, kanga mapajani. Msaidizi asimame nyuma, akunje ngumi, vidole gumba vielekee mbele. Aanzie shingoni, gumba moja kila upande wa uti wa mgongo, akikandamiza kwa viduara vidogo na kushuka polepole hadi usawa wa mabega ya nyuma, kisha arudie. Dakika mbili tatu zinatosha. Kandamiza kwa nguvu ya kumfanya ashushe pumzi, isiwe ya kumuumiza. Nimeona maziwa yakianza kudondoka kabla mkandaji hajafika kwenye mbavu.

Mengine: kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi kabla ya kunyonyesha, kinywaji cha moto, mahali penye faragha, na mtoto ngozi kwa ngozi hata nje ya saa za kunyonya. Kama mshono unauma, mpeni dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Mama anayejikaza kwa maumivu anajizuilia maziwa bila kujua. Kama chumba kimejaa wageni waliokuja kumwona mtoto, baba asimame kwa heshima awapeleke sebuleni. Na lile neno "huna maziwa" lisisemwe mbele yake. Nasema hivi kama mkunga: neno hilo lina nguvu ya kufunga oksitosini kwa mama aliyechoka, na nimeshuhudia.

Kuna nyumba ambako mama mzazi hupewa mbege au pombe nyingine ili maziwa yaongezeke. Pombe hufanya kinyume: huzuia oksitosini, maziwa yanashuka kwa shida, na yenyewe hupita hadi kwenye maziwa. Togwa ambayo haijachacha haina neno. Sigara nayo hupunguza maziwa.

Wapo akina mama wachache ambao, sekunde chache kabla maziwa hayajashuka, hupatwa na huzuni nzito ya ghafla, kisha ikapotea baada ya dakika chache. Ni jambo la mwili linalotambuliwa na wataalamu, halina maana kwamba humpendi mwanao. Huzuni inayokaa siku nzima, kwa wiki mbili na zaidi, pamoja na kukosa usingizi hata mtoto akilala, hiyo ni sonona baada ya kujifungua. Ina tiba, na mwenye kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo asiachwe peke yake.

Hatua ya 6: Pima kwa mtoto, usipime kwa titi

Titi laini si titi tupu. Baada ya wiki kadhaa, mwili ukishajua mahitaji ya mtoto, matiti hayajai na kuwa magumu kama mwanzo, na mama wengi hushtuka bure. Mtoto kulia jioni nako hakuthibitishi njaa.

Kipimo ni mkojo na mizani. Kuanzia kama siku ya tano, nepi 6 au zaidi zilizoloa kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Kinyesi kigeuke kutoka cheusi kuwa cha manjano. Uzito hushuka kidogo siku za kwanza, kisha urudi ule wa kuzaliwa kufikia wiki mbili hivi. Baada ya hapo kadi ya kliniki ionyeshe mstari unaopanda. Mtoto aliyelegea, anayelala mno hata hadai titi, mkojo wa njano iliyokolea, au macho yaliyogeuka manjano, mpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho.

Hatua ya 7: Tambua pale tatizo lilipo kwenye tezi yenyewe

Mara chache, mama hufanya yote haya na maziwa hayaji hata tone. Hapo rudi kwenye historia ya kujifungua. Je, alivuja damu nyingi, akazimia, akaongezewa damu?

Wakati wa mimba pituitari huvimba, lakini mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kiasi hicho. Mama akipoteza damu nyingi na shinikizo likaporomoka, tezi hukosa damu na sehemu yake hufa. Mwaka 1937 Harold Sheehan, mtaalamu wa patholojia wa Uingereza, aliueleza ugonjwa huu, nao ukaitwa kwa jina lake. Dalili ya kwanza huwa kukosa maziwa. Kisha hedhi hairudi, mama anachoka mno, anahisi baridi wakati wenzake wanatokwa jasho, nywele za kwapani na za siri hazioti tena baada ya kunyolewa, shinikizo na sukari vinashuka. Namkumbuka mama aliyezungushwa miaka minne, mara aambiwe ana upungufu wa damu, mara ana malaria sugu, mara karogwa na mke mwenza. Hakuna aliyemuuliza siku aliyojifungua ilikuwaje. Alipoulizwa na kupimwa homoni, jibu lilipatikana, akaanzishiwa vidonge anavyomeza hadi leo, na alirudi shambani.

Ukiwa na historia ya namna hiyo, mwambie daktari kwa maneno haya: "Nilivuja damu nyingi nilipojifungua, sikupata maziwa, na hedhi haijarudi." Vipimo ni vya damu: vya kotisoli (homoni ya kuhimili misukosuko) na vya thairoidi (tezi ya shingoni) pamoja na homoni za pituitari. Tiba ina mpangilio: kotisoli iliyopungua hurudishwa kwanza, ndipo zifuate dawa za thairoidi, kwa sababu kugeuza mpangilio huo kunaweza kumwangusha mgonjwa. Usijinunulie dukani.

Upande wa pili wapo wanaotokwa maziwa bila kunyonyesha, tena wengine hawajawahi kuzaa, na wanaume pia. Breki ya dopamini imelegea: huenda ni dawa, kama metoklopramidi ya kutapika au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, huenda ni thairoidi iliyopungua, huenda ni uvimbe mdogo kwenye pituitari. Uvimbe huo kwa kawaida si saratani, na mara nyingi hutibika kwa vidonge vinavyoigiza dopamini, kama kabergolini na bromokriptini. Ikiambatana na kichwa kuuma au kutoona vizuri pembeni, usicheleweshe.

Dawa za kuangalia unaponyonyesha: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kupunguza maziwa, na dawa za mafua zenye sudoefedrini pia. Metoklopramidi na domperidoni hupandisha prolaktini kwa kuzuia dopamini, na ndiyo sababu watu hupeana kama dawa ya maziwa. Ya kwanza inaweza kuleta sonona, ya pili kuvuruga mapigo ya moyo. Bila daktari, na bila kurekebisha hatua ya 3 na ya 4 kwanza, ziache. Mama anayeishi na VVU anyonyeshe huku akimeza dawa zake za kufubaza virusi kila siku, na ampe mtoto maziwa yake pekee miezi 6 ya kwanza, akifuata ratiba ya kliniki yake.

Hatua ya 8: Hedhi, mimba na hofu ya kubemenda

Kunyonya kwa mara nyingi hutuliza pia ile sehemu ya haipothalamasi inayoamuru mayai kupevuka. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana masharti matatu: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Yakitimia yote, uwezekano wa kushika mimba ni chini ya asilimia 2. Likivunjika moja, kinga imeondoka, tumia njia nyingine. Zile za projesteroni peke yake haziharibu maziwa.

Wengi huniuliza kwa sauti ya chini kuhusu kumbemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa wazazi kukutana kimwili wakati bado ananyonya. Tendo la ndoa halichafui maziwa. Lakini naelewa wazee waliona nini: mama akishika mimba nyingine mapema, homoni za mimba hupunguza maziwa, mtoto huachishwa kabla ya wakati, akadhoofu. Dawa ya hilo ni kupanga uzazi, na mtoto aliyedhoofu ni wa kupelekwa kliniki. Akinyimwa matibabu kwa sababu wazazi wanaona aibu, ndipo tunapowapoteza.

Hatua ya 9: Kurudi kazini bila kuupoteza mnyororo

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Uliza kwa maandishi kabla likizo haijaisha.

Wiki mbili kabla ya kurudi, jifunze kukamua kwa mkono. Nawa. Weka gumba juu ya titi na vidole chini, kama sentimita 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea mbavuni, kisha bana, achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu, usiteleze juu ya ngozi. Mwanzoni hutoka matone. Oksitosini ikifika huruka kwa mchirizi. Zungusha vidole ufikie pande zote, badilisha titi kila baada ya dakika chache, kwa jumla ya dakika 20 hadi 30. Ukiwa kazini tazama picha ya mtoto, au nusa nguo yake uliyoiweka kwenye mkoba. Ubongo haujui kuwa yuko nyumbani.

Kamua kila saa tatu hivi, kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto letu, maziwa yaliyo nje yatumike ndani ya saa 4. Kwenye friji hukaa hadi siku 4. Apewe kwa kikombe kidogo. Ukifika nyumbani, titi kwanza, mengine baadaye, na usiku mlale karibu.

Hatua ya 10: Kurudisha maziwa yaliyokauka

Kwa kuwa breki huachiwa na mdomo wa mtoto, inaweza kuachiwa tena hata baada ya wiki au miezi. Hata bibi au mama mdogo aliyewahi kuzaa anaweza kumnyonyesha yatima. Kwanza apime VVU, na apate mtu wa afya wa kumfuatilia.

Mtoto awekwe titini angalau mara 10 kwa siku, usiku ukiwamo. Ili asikate tamaa kwa titi kavu, weka maziwa yake kwenye kikombe, chovya humo ncha moja ya mrija mwembamba ule wa hospitali wa kulishia, na ncha nyingine ibandike sambamba na chuchu ili iingie mdomoni pamoja nayo. Anaponyonya anapata maziwa ya kikombe, na neva za chuchu zinapata kazi. Kikombe kikiinuliwa maziwa yanakuja haraka, kikishushwa yanapungua, kwa hiyo kishikilie usawa wa titi au chini kidogo. Baada ya kila mlo, chemsha mrija au tumia mpya.

Matone ya kwanza huweza kuonekana ndani ya siku chache, wengine hungoja wiki kadhaa, na wapo ambao hawafikii kutosheleza bila nyongeza. Usipunguze maziwa ya kikombe mpaka nepi na mizani viseme. Vikisema, punguza kidogo tu kila baada ya siku chache, pima tena, na mtoto akisimama uzito, rudisha ulichopunguza, endelea kumweka titini.